Mpiga Picha na Sufuria ya Ajvar

Mpiga picha wetu huvua viatu hata kwenye banda la mbuzi, asije akasikika. Wenzake wa filamu za hali halisi huuliza maswali, au hubandika sauti ya msimulizi juu ya picha. Yeye humfuata mtu kutwa, kimya, kidole gumba kikisugua ukingo wa lenzi kama anayebembeleza paka. Hamwambii mtu "rudia." Chai ikimwagika, imemwagika. Mimi mshika maikrofoni nikikohoa tu, hunikata jicho.

Septemba moja tulikuwa uani kwa Bibi Rumena, akipika ajvar, rojo ya pilipili hoho ya akiba ya majira ya baridi. Hoho zilizosagwa hazisubiri mtu; ukiacha kukoroga zinaungua, na nyumba nzima mtakula uchungu mpaka theluji iyeyuke. Ghafla mbuzi wa jirani akavamia kabichi. Bibi akaangaza huku na huku, kisha akaitazama kamera moja kwa moja, jambo ambalo mpiga picha wetu hulikata kila anapohariri.

"Wewe mrefu, umesimama kama nguzo! Njoo ukoroge, mwanangu, ama nikose hoho na kabichi!"

Nilijua hatasogea. Akasogea. Aliiweka kamera juu ya pipa, taa yake nyekundu bado inawaka, akaingia kwenye picha yake mwenyewe na soksi zake, akaushika mwiko kwa mikono miwili. Bibi aliporudi kutoka kumfukuza mbuzi alichungulia sufuria, akamwachia mwiko, akavuta kigoda.

"Wiki nzima unanizungukia," akamwambia. "Leo ndiyo umefika. Karibu."