Mkoromo wa Mlinzi na Mtoto Asiyetaka Chupa

Bi Shii hakusomea kulea watoto. Alisomea kimya, na chuo chake kilikuwa ndoa.

Aliolewa na mlinzi wa usiku. Kwa miaka ishirini na mitatu mume alirudi alfajiri akalala mchana, na mke akajifunza kuishi mchana kutwa bila kutoa sauti: kutua sufuria kama anayetua yai, kutia mafuta bawaba za mlango kila Jumamosi, kukohoa ndani ya mto. Hata kugombana waligombana kwa kunong'ona, jambo linaloharibu utamu wa ugomvi wowote. Majirani waliosikia minong'ono hiyo ukutani walidhani hawa wawili wanapendana kupita kiasi, wakawaonea wivu bure.

Mlinzi alipostaafu, mwili wake haukupokea barua. Uliendelea kulala saa tatu asubuhi na kuamka saa tisa alasiri, kisha usiku kucha ukazunguka nyumba ukikagua madirisha yasiyo na mwizi. Bi Shii akabaki na kimya kingi kisicho na kazi, chumba kimoja cha ziada na mikono mitupu. Jirani mmoja akamwomba amshikie mtoto dakika tano tu. Dakika tano hizo sasa zina miaka sita, na watoto wa watu wamepita chumbani humo hata hesabu imempotea. Jina la Bi Shii walimpa wao. Wengi wao neno la kwanza walilolijua duniani lilikuwa hilo, kabla ya mama, kabla ya baba, na baba kadhaa hawajasamehe.

Siri ya kazi yake ilikuwa mume. Wazazi walisifu mikono ya Bi Shii, wengine wakadai ana dawa. Ukweli ni kwamba mlango kati ya vyumba viwili uliachwa wazi upana wa kiganja, na kupitia mwanya huo ukaja mkoromo wa Mlinzi: ukapanda, ukasita kama unaokumbuka kitu, ukashuka taratibu kama kabati linaloburutwa na watu wenye adabu. Saa nne, watoto wakiwa wameshiba na wamepigwa mgongoni hewa ikatoka, Bi Shii alivuta pazia la manjano. Jua likapita kwenye kitambaa, chumba kikawa kama ndani ya papai. Wa kwanza kuondoka alikuwa Meneja, mtoto mnene mwenye mashavu ya kiongozi, ambaye hakuwahi kupinga kulala wala kufanya kazi yoyote. Usingizi ukimshika Meneja uliwaambukiza mapacha waliokuwa kando yake, mmoja kisha mwingine, kama taa za nyumba mbili za jirani. Mwisho Diwani, aliyekuwa na miezi kumi na hotuba zisizokwisha, alikatika katikati ya sentensi. Bi Shii aliketi sakafuni katikati yao, akihesabu pumzi, na mara nyingine hakujua kama pumzi anayoihesabu ni ya mtoto au ni yake mwenyewe.

Ndani ya papai hilo, Jumatatu moja asubuhi, akaletwa Hakimu.

Mama yake alikuwa mpimaji ardhi. Aliingia na mtoto kifuani, begi begani na daftari mkononi, akavua viatu mlangoni na kuvipanga sambamba kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu ndiye bwana mkubwa?"

"Ndiye. Ana miezi mitano na siku nne. Hajawahi kunywa kwenye chupa."

"Hajawahi, au hajataka?"

"Tumenunua chupa saba, mama. Zote amezikataa."

"Saba," alisema Bi Shii. "Mapacha wale pale wana mbili, na moja imepasuka."

Mpimaji akafungua daftari. Kulikuwa na safu za saa, za dakika, za mililita, na safu pana iliyoandikwa Maoni. Bi Shii alilishika kwa heshima, akalitazama juu na chini.

"Mtoto anajua kusoma?"

"Bado, mama," mpimaji akacheka kidogo, kisha cheko likamwishia. Akaeleza. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha. Jumatatu inayofuata kikosi chao kilikuwa kinaanza kupima njia ya barabara mpya, mbali na mji, kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni. Mkuu wake alikwisha sema asiyefika siku hiyo nafasi yake inakwenda kwa mwingine, na huyo mwingine tayari alikuwa amekwisha jaribu kofia. Kazi hiyo aliipenda kuliko alivyothubutu kukiri mbele ya wakwe. Lakini mtoto asiyekula kutwa haachwi. Baba wa mtoto alikuwa na ushauri mwingi, kama walivyo watu wote wasio na maziwa.

"Kwa hiyo tuna siku tano," Bi Shii alisema.

"Tano, mama. Asiponywa mpaka Ijumaa, naandika barua ya kuacha kazi."

Alimpa mtoto, akambusu utosini, akaenda zake. Mtoto hakulia. Alimtazama Bi Shii, akatazama chupa, akatazama tena Bi Shii, kwa uso wa mtu aliyekwisha soma jalada lote la kesi. Jina la Hakimu likamkaa papo hapo.

Jumatatu alikataa chupa kwa kufumba mdomo. Jumanne, Bi Shii alipasha moto chuchu ya chupa kwenye maji, akampa kijiko, akampa kikombe kidogo, akampa akiwa amesimama, akitembea, akiwa ameketi, mtoto amempa mgongo. Maziwa yalikuwa ya mama yake mwenyewe, yaliyokamuliwa asubuhi hiyo hiyo. Hakimu aliyapokea mdomoni, akayatafakari, kisha akayarudisha yote kwenye blauzi ya Bi Shii. Kitu kimoja tu kilimvutia: dirisha. Kila alipoletewa chupa aligeuza shingo kuelekea huko, puani akivuta hewa ndogo ndogo. Bi Shii, ambaye kwa fani yake hujivunia kusoma macho ya mtoto, akasoma kwamba huyu anapenda mwanga. Jumatano akakisogeza kitanda chake hadi chini ya dirisha kabisa. Siku hiyo Hakimu hakukubali hata tone.

Saa sita ilipofika na kilio kuanza kumkwaruza Meneja usingizini, Bi Shii alimpigia simu mpimaji, na mpimaji alitokea mlangoni kabla simu haijapoa, ananyonyesha, anasema alikuwa mjini. Bi Shii akajiambia wapimaji wana miguu mizuri.

Alhamisi joto lilikuwa la kuyeyusha nta. Watoto wanne walilala fofofo, Hakimu peke yake akakaa macho akilalamika kwa sauti ya chini. Upande wa pili wa mwanya kabati liliburutwa, likasita, na halikuendelea. Mlinzi ameamka, kiu imemwamsha. Alitoka nje kunawa uso penye tangi la maji, lililosimama hatua nne kutoka dirishani.

Nyuma ya tangi, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikuwa ameketi mwanamke, magoti pamoja, sikio limeelekezwa kwenye dirisha, kifua cha blauzi yake kimelowa madoa mawili.

"Shikamoo baba," alisema kwa kunong'ona.

"Marahaba," Mlinzi alinong'ona pia, kwa mazoea. "Unaiba nini?"

"Siibi, baba. Mimi ni mama wa mtoto."

Mlinzi aliiwaza habari hiyo huku maji yakimdondoka kidevuni. Kisha akaenda dirishani.

"Mke wangu. Miaka ishirini na mitatu ya ulinzi sijakamata hata kuku. Leo nimekamata mzazi."

Bi Shii alitoka na Hakimu begani. Mtoto akaanza kuruka ruka kabla hata ya kupinda kona, uso wote umefunguka.

"Tangu lini?" Bi Shii aliuliza.

"Tangu Jumatatu." Mpimaji hakunyanyua macho. "Siku ya kwanza nilifika mpaka kituo cha basi, mama. Miguu ikagoma. Nikasema nitasikiliza mpaka anywe mara moja tu, halafu niende."

"Na upepo unatoka huku kuingia ndani."

"Upepo?"

"Mwanangu, hebu fikiria wewe. Umeketi na njaa yako, jirani anakaanga nyama hatua nne kutoka puani mwako, na mtu anakuja kukubembeleza ule mkate mkavu. Utakula?"

Mpimaji alifunika kifua kwa mikono. Machozi yalimjaa, lakini ni mtu wa vipimo. Yalibaki palepale ukingoni.

"Kwa hiyo kosa ni langu."

Bi Shii angeweza kulipokea hilo likaisha. Alimtazama mtoto, akatazama dirisha, akaona kitanda alichokisukuma kwa mikono yake miwili hadi penye harufu.

"Ni letu," alisema. "Wewe ulileta jiko, mimi nikamsogeza karibu. Nilidhani anapenda mwanga."

"Mimi nilisikia kitu nyuma ya tangi nikadhani ni paka," alisema Mlinzi, "nikarudi kulala. Juzi hiyo."

Ijumaa, kwa hiyo, ndiyo iliyobaki. Kitanda kilirudishwa kona ya mbali, blauzi ya mama ikaondoka pamoja na mwenyewe. Mlinzi, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, aliahirisha usingizi wake: alimsindikiza mpimaji hadi kituoni, akamwona anapanda basi, akasubiri mpaka basi likapinda. Mpimaji alikwenda ofisini kwao kukabidhiwa vyombo vya safari. Simu aliacha kwa Bi Shii kwa hiari yake, maana alijijua.

Saa tatu Hakimu alikataa chupa. Saa nne akakataa tena, kwa hasira sasa, akatafuta dirisha kwa pua na dirisha likawa na hewa tu. Hapo akalia kilio cha kweli. Bi Shii alitembea naye ukutani hadi ukutani, akimnong'oneza upuuzi, habari za bei za sabuni, habari za ndugu wa mume. Moyoni alikuwa na barua ambayo haijaandikwa. Aliijua mistari yake. Alipata kuandika moja ya namna hiyo zamani, kabla ya ndoa, akiwa karani mwenye mwandiko mzuri, na tangu hapo kila alipoona mwandiko mzuri alitazama pembeni.

Mlinzi alirudi, akaingia chumbani kwake. Kitanda kikalia. Baada ya muda kabati likaanza kuburutwa.

Pazia la manjano lilikuwa limevutwa. Meneja aliondoka. Mapacha wakazima, wa kushoto, wa kulia. Diwani akasema maneno matatu ya kufunga kikao. Kilio cha Hakimu kikapungua kikawa mnung'uniko, mnung'uniko ukaanza kufuata mkoromo, ukipanda nao, ukisita nao. Bi Shii aliketi sakafuni, mtoto mkononi, akahisi uzito ule anaoujua, mtoto anapoacha kujibeba na kukuachia kazi hiyo. Kope zilishuka, zikapanda nusu, zikashuka. Kati ya kushuka na kulala kuna kizingiti chembamba ambapo mtu hana hoja na dunia, hata awe hakimu. Bi Shii aliigusisha chuchu ya chupa kwenye mdomo wa chini, hakuisukuma. Akangoja.

Mdomo ukafunguka. Mvuto mmoja. Kimya. Mkoromo ukasita na Bi Shii akasita nao, akiwa na hakika kwamba mtu yeyote mtaani akidondosha hata kijiko, barua itaandikwa. Mvuto wa pili ukaja, kisha wa tatu, kisha ikawa mwendo, na viputo vidogo vikapanda ndani ya maziwa kama vinavyopanda ngazi. Mwanga wa manjano uliingia ndani ya chupa ukakaa humo. Bi Shii aliona chumba kikielea taratibu, na watoto watano na bibi mmoja wakielea nacho, na huko nje watu wakipima barabara ndefu isiyo na vumbi. Alipozindua macho chupa ilikuwa tupu na mkono wake umekufa ganzi. Hakimu alilala usingizi wa pono, na tone moja kidevuni.

Saa kumi akanywa nyingine akiwa macho makavu, kama mtu ambaye hajawahi kuwa na tatizo.

Jioni, wazazi wengine walipokwisha chukua watoto wao, mpimaji alifika akihema. Hakuuliza habari ya mtu.

"Amekunywa?"

"Mbili. Ya pili kaimaliza anacheka na feni."

Mpimaji alisema ahsante, akasema tena, akaketi sakafuni palepale mlangoni na viatu vyake. Jumatatu ilikuwa yake. Alimwangalia mtoto aliyelala kitandani, tumbo limeinuka, hana dai lolote kwa mtu.

"Anacheka," alisema.

"Asubuhi alilia sana. Alikutafuta mpaka akachoka."

"Kweli, mama?"

"Mimi sisemi uongo kwa watu wenye daftari."

Mpimaji aliinamisha kichwa, na midomo yake ikafanya kitu kilichokaribia tabasamu, halafu akakionea aibu. Kifua kilikuwa kimejaa tangu adhuhuri. Aliketi amejikunja kwa maumivu. Bi Shii alimletea chupa safi na kiti cha chini.

"Huyu kashiba, usimwamshe. Kamua hapa. Hiyo ndiyo ya Jumatatu."

Alikamua akiwa ameegemea ukuta, macho kwa mtoto. Mililita thelathini, hamsini, themanini. Alizihesabu kwa sauti mwanzoni, kisha kimoyomoyo, kisha kichwa kikalala begani. Bi Shii aliitoa chupa kwenye vidole vyake kabla haijainama, akaifunika, akaenda nayo kwenye friji, akaufunga mlango wake bila sauti.