Mvua Juu ya Sauti ya Mama

Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee anakohudumu, akaniwekea simu mezani kabla hajavua koti.

"Nimeikuza ile faili ya mama," akasema. "Ilikuwa MP3, ndogo, sasa ni WAV. Angalia vile imekuwa kubwa. Weka tusikie."

Ni jirani yangu hapa Tyseley, huku ughaibuni, Mkenya wa Kakamega. Mimi ni wa Morogoro. Mama yake alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Hakwenda kuzika, kwa sababu karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa na kama angetoka asingeweza kurudi. Mazishi aliyatazama kwenye video alizotumiwa na kaka yake. Jumamosi tulikuwa na ibada ya kumbukumbu kwenye ukumbi wa kanisa, Bordesley Green, na mimi ndiye ninayefunga spika pale. Alitaka sauti ya mama isikike.

Faili yenyewe ilikuwa sala. Kaka yake alimrekodi mama jikoni akiwaombea watoto wake mmoja mmoja kwa jina. Mkubwa aliombewa afya. Anayemfuata, kaka huyo huyo aliyeshika simu, aliombewa apunguze hasira. Kisha ikafika zamu ya kitinda mimba, yaani jirani yangu, na hapo mvua inaanza kupiga mabati na mama anashusha sauti. Unasikia jina, halafu mvua, halafu "Amina."

"Kila mtu amepewa lake," akaniambia. "Langu liko hapo ndani. Nataka nilisikie."

Nikaifungua kwenye kompyuta, nikavaa hedifoni kwa sababu ya treni zinazopita nyuma ya nyumba. Nikasikiliza, nikarudia. Ilikuwa mvua ile ile.

Napenda kueleza mambo, na kwa kawaida mtu akiondoka kwangu huwa ameelewa na amechangamka. Siku ile nilitafuta maneno kwa shida. Nikamwambia afikirie unga wa dona na wa sembe. Rekodi ya kwanza, ile WAV ya kweli, ni dona: mahindi yote yamo, na pumba zake. MP3 ni sembe. Kompyuta imechekecha, ikatoa kile inachodhani sikio halitakihitaji, ndiyo maana faili inakuwa nyepesi. Ikichekechwa kidogo hakuna anayegundua. Muziki mwingi wa kwenye simu zetu uko hivyo na unatutosha. Lakini hii ilichekechwa mno, na kinachotupwa mapema ni sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa. Mvua ilibaki. Mnong'ono ulitupwa.

"Sasa mimi nikachukua sembe..."

"Ukaitia kwenye gunia kubwa."

Akacheka kidogo. "Nyinyi Watanzania! Hata habari mbaya lazima muipike kwanza."

Nikamwambia asikate tamaa, na niliamini nilichosema. Kaka yake aliipunguza faili ili ipite kwenye kundi la familia. Ile nzito lazima ilibaki kwenye simu yake. Aiambatishe kama ilivyo, kama anavyotuma hati, isipunguzwe popote. Ningeweza kuipunguza mvua na kuinua mnong'ono, kama mnong'ono ungekuwamo.

Yeye na kaka yake walikuwa hawajaongea tangu siku ya mazishi, kaka alipomwandikia: "Wenye mama walifika." Akaishika simu, akaiweka chini, akaishika tena. Kisha akapiga, akaiacha mezani kwa sauti ya wazi.

"Leo umenikumbuka?"

"Habari ya huko, kaka?"

"Tupo. Wewe na baridi yako?"

"Ile rekodi ya mama. Sio ya kwa grupu, ile ya kwanza kabisa. Bado uko nayo?"

Nyuma ya kaka, kuku alikuwa akilia.

"Nilifuta, sis. Siku ya mazishi simu ilijaa, ikakataa kurekodi. Nilitaka wewe uone yote mpaka mwisho. Nikasema hii nishatuma kwa grupu. Si ni ile ile?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Jirani yangu akaniinulia kiganja bila kunitazama.

"Ni ile ile," akasema. "Inasikika poa."

"Hata hapo kwa jina lako? Mvua ilikuwa imeanza, na mimi nilikuwa nimerudi mlangoni, sikushika maneno. Alikuombea nini?"

Treni ikapita. Vikombe vikatikisika kwenye kabati. Nikadhani atasema mtandao ni mbaya na kukata.

"Aliomba tusikosane," akasema. "Mimi na wewe."

Tukamsikia akipenga kamasi. "Mama huyo," akasema kaka. "Mama huyo, jamani." Akamwambia alale salama, ingawa ilikuwa bado mchana.

Kaka alipokata, jirani yangu alikaa akiutazama mstari wa sauti kwenye kompyuta yangu, ule wa mvua, mnene na wa kijani.

"Nimemsingizia mama?"

Nikawasha birika. Akanywa chai nusu kikombe, akavaa koti, na akiwa mlangoni akasema, "Jumamosi, akishataja jina langu, punguza. Isifike kwa mvua."

Jumamosi hiyo kaka yake alisikiliza kwa simu, iliyolazwa kwenye meza ya mbele, karibu na picha ya mama. Spika kubwa zingeonyesha matundu yote ya faili ile, kwa hiyo nilitumia moja ndogo, nikawaomba watu wavute viti karibu. Mama akawaombea watoto wake. Watu wakacheka kidogo kwenye ile ya hasira. Akataja jina la mwisho, nami nikashusha sauti taratibu mpaka ukumbi ukawa kimya.

Kwenye simu, kwa sauti inayokatika, kaka akasema, "Amina." Wengine wakaitikia. Jirani yangu hakuitikia. Alikuwa ameinamisha sikio kuelekea kwenye spika niliyoizima.