Kidonge cha Jino

Kazi yangu ni kutunza mafaili ya wagonjwa katika hospitali moja hapa Bujumbura. Chumba changu kiko nyuma kabisa, kina dirisha moja, na kinanuka vumbi na dawa ya mende. Kwa miaka mingi hakuna aliyeingia humo ila kuuliza kitu na kutoka. Kisha akaja daktari mmoja, mwanamke kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni, akavuta kiti akakaa.

Alikuwa anafanya utafiti juu ya aleji kali, ile inayoua mtu kwa muda mfupi baada ya kula kitu, kumeza dawa au kuumwa na nyuki. Aliniomba nimtolee mafaili ya zamani.

"Neno aleji hutaliona," aliniambia. "Utaona pumu, utaona malaria, utaona sumu. Jina la ugonjwa uliache. Soma kilichotokea."

Akaniandikia dalili kwenye karatasi: vipele vya ghafla, midomo na macho kuvimba, sauti kukauka, kifua kubana, kutapika, presha kushuka. Alitaka pia kujua mgonjwa alidungwa nini, na nini kilitangulia. Alisema kuna sindano moja, ya adrenalini, inayopigwa pajani mara moja, na kwamba watu wanakufa huku hiyo imelala kabatini, kwa sababu wauguzi wamezoea kuanza na nyingine na kungoja.

Niliisoma ile orodha mara mbili. Nilikuwa nimeyaona yote yale katika mwili mmoja, sebuleni kwetu, mtaa wa Buyenzi.

Faili la kaka yangu nilijua liko rafu gani. Tangu niajiriwe sikuwahi kuligusa. Siku ile nililitoa. Ukurasa mmoja tu. Aliletwa jioni, amevimba uso, hana presha. Wamempa maji ya mshipa na sindano mbili, adrenalini haimo. Chini muuguzi ameandika kwamba ndugu wanasema amelishwa sumu.

Ndugu walikuwa sisi.

Mama yetu alikufa tukiwa wadogo, na baba, ambaye ni fundi wa magari, akaoa tena. Mkewe huyo, tuliyemwita mama mdogo, ndiye aliyetulea. Hakuwa mtu wa kukumbatia, lakini sare zetu zilikuwa safi na hatukulala njaa. Alizaa binti mmoja, na sikumwona akimpa huyo kipande kikubwa kuliko chetu. Siku ile kaka, aliyekuwa na miaka ishirini, alikuwa anaumwa jino. Mama mdogo alimpikia wali laini na supu ya samaki, akaipuliza mwenyewe ipoe kwa sababu kaka hakuweza kutafuna. Kaka alikula vijiko vichache. Akaanza kujikuna shingo, midomo ikatutumka, akasema kwa sauti iliyokuwa si yake, "Kifua."

Shangazi, dada wa baba, aliingia akaona bakuli. "Amemulisha!" alipiga kelele. "Huyu mwanamuke amemulisha mutoto wa wenyewe!"

Majirani wakajaa. Wakamnywesha maziwa ili atapike. Wakaenda kutafuta mzee wa dawa za miti. Muda ulipotea hapo, na gari lilipopatikana kaka alikuwa ameshalegea. Hospitalini waliniuliza mimi, niliyekuwa na miaka kumi na saba: alikula nini? Nikasema, "Alikula supu ya mama mdogo." Ilikuwa kweli. Baada ya maziko baba alimpa talaka. Alitoka Buyenzi na binti yake na mabegi mawili, na watoto wa mtaa wakamfuata hadi barabara ya lami wakiimba murozi, murozi, yaani mtia sumu.

Nilipeleka faili kwa daktari nikamwambia ni la kaka yangu. Aliniangalia kidogo, akalivuta upande wake.

"Hili hutalijaza wewe. We ni ndugu. Nitakuuliza tu, na ukitaka kuacha, tunaacha."

Akachukua fomu yake. Kaka alikuwa amezoea kula samaki? Nikacheka. Mtoto wa Bujumbura asiyezoea samaki! Alikuwa amemla wiki ile yote. Kuna mdudu alimuuma? Hapana.

"Siku ile alitumia dawa yoyote?"

Nakumbuka kulikuwa na mtu anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu koridoni, nami nikasubiri kipite.

"Kidonge," nikasema. "Cha jino. Vile vya rangi mbili."

"Antibiotiki?"

"Ndiyo."

"Nani alimpa?"

"Mimi. Nilivinunua dukani, viwili, vikafungwa kwenye kipande cha gazeti. Alimeza kimoja kabla ya kula."

Aliuliza kama kaka aliwahi kutumia dawa ile zamani. Ndiyo, aliimeza alipokuwa na jipu, akatoka vipele tumboni, tukasema ni joto. Daktari aliandika polepole. Kisha akaweka kalamu chini akaniambia kwamba hawezi kuapa, damu haikupimwa, lakini kama mtu angemletea habari ile leo, angeshuku kidonge kwanza na samaki mwisho.

Miaka yote ile sikuwa nimeficha. Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna aliyeuliza juu ya dawa, na mimi mwenyewe sikudhani dawa inahesabika. Dawa ilikuwa ya kuponya. Mwenye kuua alikuwa mke wa baba.

Mama mdogo anaishi Carama, pembeni kabisa mwa mji, ambako nyumba zinaanza kupishana na mashamba. Analima lengalenga, mchicha wa huku kwetu, na kuziuza. Nilimkuta ameinama kwenye matuta. Alinyooka, akanitambua, hakunikaribisha. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

"Dawa gani?" aliuliza.

"Ya jino."

"Ulimupa we?"

"Mi, mama mdogo."

Alijifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. "Binti yangu alichumbiwa mara mbili," alisema. "Mara mbili watu walikwenda kuuliza Buyenzi, wakarudisha maneno, uchumba ikaisha. Sasa anaishi Gasenyi peke yake, na mi hanizungumuzishi, anasema ni mi nilimuharibia. Unajua ile?"

"Sikujua."

"Haukuuliza." Akachukua ndoo. "Unataka niseme nimekusamehe? Apana. Enda kwanza kwa baba yako."

Nilikwenda. Baba alikuwa ametoka msikitini, ameketi barazani na shangazi. Nilisema yote, na fomu, na kidonge. Baba alisikiliza akichezea tasbihi.

"Mambo ile iliisha," alisema.

"Kwake haijaisha, baba."

"Unataka niende Carama niseme nini? Mi mutu muzima?"

Shangazi hakutikisika. "Hata kama ni dawa," alisema, "moyo yake haikukuwa muzuri."

Nilirudi kwa daktari nikaomba karatasi yenye muhuri, ya kwamba mwanamke yule hakuua mtu. Aliinamisha kichwa. Utafiti wake haukuwa na majina, alisema. Kaka yangu pale ni namba, na namba haiwezi kumsafisha mtu. Alipomaliza kazi yake, karatasi ilibandikwa ukutani kwenye chumba cha dharura, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba adrenalini inatangulia. Kuna watu wameshatoka pale wakitembea kwa miguu yao. Nafurahi kwa ajili yao, na nikipita pale natazama upande mwingine.

Mwezi mmoja baada ya kwenda kwa baba kulikuwa na arusi kwa binamu yangu. Wanawake tulikaa uani tukimenya vitunguu, shangazi akiwa katikati. Nikaweka kisu chini, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba kaka aliuawa na kidonge nilichompa mimi, na mama mdogo hakumlisha kitu ila supu. Jirani mmoja, rafiki wa zamani wa mama mdogo, alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Kisha mtu akaomba chumvi, na mazungumzo yakahamia kwenye gari la bwana arusi. Tangu siku ile nyumba mbili tatu haziniambii zikiwa na shughuli.

Nilirudi Carama kumpa habari. Safari hii aliniwekea kigoda.

"Walisema nini?"

"Hawakusema kitu."

"Shangazi yako?"

"Naye hakusema."

Alitikisa kichwa, si kwa mshangao. Aliniomba namba ya simu ya yule daktari, akasema si kwa ajili yake. Anataka binti yake alisikie lile jambo kwa mtu aliyesoma. Nilimwandikia kwenye kipande cha boksi, kwa tarakimu kubwa, kwa sababu macho yake siku hizi hayaoni vizuri.