Ukuta wa Magharibi

Fundi wa mawe kutoka mtaa wa Kiwanjani huingia darasa la kompyuta na penseli sikioni, ingawa humo hakuna cha kuandika kwa penseli. Kwanza hukipuliza kipanya kana kwamba kina vumbi la simiti, kisha hufumba jicho moja kuona kama kuta za kwenye skrini zimenyooka. "Zimenyooka, mzee," mwalimu wake, Faiza, humwambia kila siku. "Ukuta hauaminiwi kwa maneno," naye humjibu.

Leo kila mwanafunzi alichora nyumba yake mwenyewe. Faiza akabonyeza kitufe cha kuonyesha joto, jua likazunguka juu ya mchoro wa fundi, na ukuta wa chumba cha kulala, ule wa magharibi, ukawa mwekundu kama kaa la moto. Fundi akaufunika kwa kiganja. Miaka kumi na minane mkewe, Mama Dida, amelalamika kwamba ukuta huo unachoma kama jiko hadi baada ya isha, na miaka kumi na minane amejibiwa kuwa joto ni la Isiolo, si la fundi.

"Nikuchapishie picha hii uende nayo nyumbani?" Faiza akauliza.

"Hapana, binti yangu," akanong'ona, kiganja bado kwenye skrini. "Mama Dida asiione hii kabla sijaujengea kivuli."