Kidari cha Ijumaa

Kuku alikuwa wa Ijumaa tu, na kidari chake kilikuwa cha binamu yangu. Hiyo ilikuwa sheria ya shangazi, dada wa marehemu baba, aliyetuchukua mimi na dada yangu tukae kwake Kariakoo. Miaka ile hata unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, tuliupangia foleni tangu alfajiri, sembuse kuku! Shangazi alimkatakata mwenyewe, kidari akakitoa kizima, akakiweka kando. "Kidari cha mwanamume," alisema. Sisi wasichana tulipewa shingo, miguu na mchuzi. Na huyo mwanamume, mwanawe, alikuwa fundi gereji mtaa wa pili kule Gerezani, mnene, hajui hata mafua.

Dada akaanza kukohoa. Hospitali wakasema ni kifua kikuu, kinatibika, lakini sindano peke yake haitoshi: ale nyama, mayai, maziwa. Shangazi aliyasikia kwa masikio yake mawili. Tulipofika nyumbani akamtengea kikombe, sahani na mkeka, akamlaza uani karibu na choo. Chakula hakikubadilika.

Dada alikonda mpaka mbavu zikawa zinaonekana juu ya kanga. Ijumaa moja akajikaza, akaingia jikoni.

"Shangazi, naomba kidari. Leo tu."

Shangazi hakugeuka hata. "Kifua chenyewe kimeshaoza hicho, nyama ya nini? Toka, usinikoholee chungu!"

Binamu alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akala kidari chake, akanyonya mifupa, akamtupia paka. Dada alikuwa anamtazama paka.

Tulimzika kabla ya masika kwisha.

Siku ya hitma nyumba ilijaa. Shangazi alilia kuliko wote, eti kamuuguza kama mwanawe wa kumzaa, na wanawake wakamwambia Mungu atakulipa, bibi wee. Nilitamani kumjaza mchanga mdomoni. Nyama ya ng'ombe ilikosekana buchani, kwa hiyo pilau ilikuwa ya kuku. Shangazi akapekua sinia letu, akatoa kidari, akakiweka mbele yangu watu wote wakiona.

"Kula, yatima wangu."

"Shangazi, hicho si cha mwanamume?"

Wanawake wakageuka kututazama. Akanifinya paja chini ya kanga mpaka kucha zikazama, huku anatabasamu. "Majonzi hayo, jamani," akawaambia. "Kula, mwanangu."

Nikala. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuonja kidari. Kumbe ni nyama kavu tu, haifiki hata utamu wa shingo.