Mita Moja na Robo ya Wino

Saa nne na dakika ishirini asubuhi jirani yangu alianza kuchimba shimo la nguzo katikati ya miti yetu ya makadamia. Alikuwa na nakala ya ramani kutoka ofisi ya ardhi na rula ya mjukuu wake. Alikuwa amepima, akazidisha, akaona kwamba mpaka wetu hapa Kibugu haupiti kwenye ua wa zamani, bali zaidi ya mita moja ndani ya shamba langu. Kwenye ukanda huo palikuwa na miti mitano aliyoipanda mke wangu. Mavuno yake ndiyo karo ya binti yetu aliye chuoni Meru.

Nilimwomba rula. Mstari wenyewe wa mpaka ulikuwa na unene wa nusu milimita. Ramani ile imepunguza ardhi mara elfu mbili na mia tano, kwa hiyo wino peke yake ulilalia mita moja na robo. Yeye alipimia ukingo mmoja wa wino. Ua wa zamani ulikuwa kwenye ukingo wa pili.

"Unanifundisha hesabu?" akasema. "Twende kwa chifu."

Ofisini tuliwakuta wazee watatu wa mipaka, pamoja na soda, ambazo pande zote mbili hulipia kabla neno halijasemwa. Mwenyekiti wao aliinua ramani dirishani.

"Laini nyembamba kama unywele. Itakuwaje mita nzima?"

Swali lilikuwa zuri, na mimi nimejisomea kwa miaka kadhaa jinsi ulimwengu ulivyoanza. Nikaeleza kwamba kabla ya sekunde ya kwanza kutimia, nafasi yenyewe ilivutika kwa kasi kubwa mno. Kwenye viwango vidogo kuliko atomu hakuna kinachotulia. Nishati iliyojaza nafasi ilikuwa ikitetemeka kidogo, hapa ikizidi, pale ikipungua. Mitetemo ile ilivutwa pamoja na nafasi, ikaganda ilivyokuwa. Palipozidi kidogo ndipo baadaye gesi ilipokusanyika, zikatokea nyota. Kidogo kikivutwa huwa kikubwa, kama wino ule kwenye ardhi.

"Ngoja," mwenyekiti akasema. "Nani alitikisa?"

"Hakuna, mzee. Ndivyo vitu vidogo vilivyo."

"Hakuna aje? Ng'ombe akiingia kwa shamba tunauliza ni wa nani."

Jirani akacheka. "Huyu ukimuuliza makadamia anakujibu nyota."

"Wacha amalize," mzee wa pili akasema. "Soda bado iko."

Kwa kuwa napenda usahihi, niliongeza kwamba hata kwa vipimo bora kabisa, huwezi kusema mapema mtetemo mmoja utazidi wapi na kupungua wapi. Unaweza kukadiria uwezekano tu.

Jirani akasimama. "Mmesikia? Mwenyewe amesema haiwezi kujulikana ni wapi!"

"Nazungumzia chembe."

"Na mimi nazungumzia wino."

Nilijaribu kueleza kwamba ua wa miti hautetemeki kwa namna hiyo, lakini wazee walikuwa tayari wakinong'onezana kwa Kiembu. Uamuzi ukatoka: kilichomo ndani ya wino si cha mtu yeyote mpaka mpimaji aje. Mavuno ya ukanda huo yatauzwa na kamati, na fedha zitumike kwa gharama za kamati. Jirani aliamriwa afukie shimo lake. Alilifukia akipiga mbinja.

Mke wangu alikuwa amesikiliza yote kutoka kwenye benchi la nje.

"Baba, si ungesema tu kwamba siku niliyopanda ile miti, jirani mwenyewe ndiye alinisaidia kuchimba mashimo?"

"Hukuniambia."

"Ungeniuliza mimi. Ulikuwa unaongea na nyota."

Mpimaji hajafika hadi leo. Binti yetu alikaa nyumbani muhula mzima. Msimu huo kamati iliuza makadamia ya ndani ya wino kwa shilingi elfu kumi na nane, mia tatu na sitini.