Tumbawe Lililomeza Namba

Walimwita Bi Chumvi, na jina lilimkaa. Ndoo kumi na mbili za maji ya chumvi kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, na mgongo ni ule ule mmoja. Katika chumba cha nyuma aliotesha matumbawe magumu ndani ya matangi ya vioo, akiwauzia wenye kupamba hoteli na maofisi. Yote yalikatwa kutoka tumbawe moja, alilolipata kwa halali baada ya kubishana bei nusu siku.

Mkaguzi wa serikali alipokuja kupitia kibali chake cha kuuza matumbawe, alisimama kati ya matangi mawili, akakuna kidevu.

"Bibi, kibali chako ni cha aina moja. Hapa naona mbili. Hili lina vijiti virefu vyembamba. Lile fupi, nene, kama ngumi. Mojawapo umelitoa baharini."

"Mama yao mmoja, bwana mkaguzi. Hili linakaa kwenye maji yaliyotulia, basi linajinyoosha litakavyo. Lile pampu inalichapa kwa maji kutwa kucha. Likirefuka litavunjika, kwa hiyo linanenepa. Mtoto umleavyo..."

"Methali haipigwi muhuri, bibi."

Akazuia kibali. Bila kibali hakuna kuuza, na matangi yote yangebebwa. Bi Chumvi hakulia. Machozi nayo ni maji ya chumvi, na hayo alikuwa nayo ya kutosha. Akaanza kupatana. Apewe miezi minne. Atachukua kipande chembamba akiweke mbele ya pampu. Kisiponenepa, atayabeba matangi hadi garini kwa mikono yake.

"Na nitajuaje hujakibadilisha?"

"Kifunge namba yako, wewe mwenyewe."

Mkaguzi akakifunga kamba ya plastiki yenye namba, akaikaza barabara.

Ikawa miezi minne ya kuchosha. Umeme ukikatika, pampu husimama, naye hukoroga maji kwa mkono mpaka bega life ganzi. Wifi yake, aliyekaa naye nyumba moja, hakumwonea huruma.

"Kaka yangu hukuwahi kumdamkia alfajiri hivi, wifi. Jiwe ndilo umelipenda."

"Kaka yako hakuhitaji kibali. Nipe hiyo ndoo."

Kipande kikaanza kuvimba nchani, kikatoa vijiti vipya vifupi, vinene. Ila asubuhi ya mkaguzi kurudi, Bi Chumvi alipokiinua akaona kosa lake. Tumbawe halikitupi kinacholibana, hukijengea juu. Alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Alipaswa kumwambia mkaguzi aifunge namba kwenye kijiwe cha chini kilichoshikilia kipande, lakini siku ile alikuwa amechoka, na aliyechoka husahau anachokijua zaidi.

Mkaguzi akakigeuza huku na huku. "Namba iko wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ya jiwe. Limeimeza."

"Bibi, mimi nina wakubwa zangu. Nikawaambie jiwe limekula namba?"

Bi Chumvi akachukua koleo.

"Wifi, usilivunje! Miezi minne hiyo!" wifi yake akapiga kelele kutoka mlangoni.

Kra! Kamba ikaonekana, namba zote sita. Chini yake kijiti chembamba kama penseli. Juu yake, jiwe lile lile, limenenepa kama kidole gumba.

Mkaguzi alisoma namba mara mbili, akailinganisha na ya kwenye daftari lake, akatoa muhuri. Kabla haujatua, Bi Chumvi akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Andika kwanza 'umbo lolote'. Mwakani watamtuma mwingine, na mimi sina mgongo wa miezi minne mingine."

Mkaguzi akamtazama, akaandika, akagonga muhuri.

"Pole kwa kipande chako."

"Sasa ni viwili. Ofisini kwenu hamna tangi?"

Mkaguzi akacheka akaenda zake. Bi Chumvi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamnyooshea wifi yake mkono ampe gundi ya kubandikia vile vipande viwili. Ilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, na hatua tatu zilikuwa nyingi.